Birika la Babu, Bwawa la Khairat

Sikilizeni wanangu, na wewe Mwanamvita mke wangu sogea, maana daktari amesema moyo huu umechoka kunibeba, na kabla haujanitua nataka mlisikie kwa kinywa changu lile mnalolichekea jikoni: kwamba mimi Ayub, mpishi wa meli miaka ishirini na miwili, niliyezijua bandari kutoka Durban hadi Odessa, siku ya kufungua bwawa letu nilikuwa narudi kinyumenyume mbele ya wageni, mikono nimeitanua, nikisema, "Yote haya nimeyachora mimi," na neno halijatua nikatumbukia na kanzu yangu, nikapiga ukelele, "Nazama! Nazama!" mpaka jirani yetu Kituku akaniambia kutoka ukingoni, "Simama, bwana Ayub. Maji ni ya kiunoni."

Njia ya mwongo fupi; yangu ilikuwa hatua nne. Wote mlicheka, na kucheka ni haki yenu. Mwanangu Khairat peke yake hakucheka. Alichukua mkoba wake akarudi Nairobi, na leo, baada ya miezi saba, amekuja kwa ajili ya kitanda hiki, wala tangu aingie hajanitazama usoni. Hilo ndilo linalonizuia kuondoka.

Basi jueni nani alichora nini. Mimi nilichora nyuma ya kalenda bwawa la umbo la meli, mbele ya nyumba, lina mpaka mlingoti, nikaamuru birika la marehemu baba yangu, alilolijenga kwa mawe ya mlimani kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, livunjwe kuipisha omo, pua ya meli yangu. Khairat, msanifu aliyesomea kazi hii, hakubishana nami. Alimwomba Kituku amtembeze, wakazunguka siku tatu wakifuata nyayo, akarudi vumbi jekundu limempanda hadi magotini, akasema, "Baba, meli yako umeitia nanga kwenye njia ya ndovu." Mimi niliyezaliwa hapa hapa Voi! Ningelikaribisha kundi zima kuoga.

Akalipeleka bwawa nyuma, refu, jembamba, akalianzisha pale birikani, ili mvua ikishajaza birika maji yateremke yenyewe. Kuta akazijenga kwa mawe yale yale, hata ukipapasa hujui babu ameishia wapi na mjukuu ameanzia wapi. Kati ya nyumba kongwe na maji akaweka chumba cha vioo, na asubuhi mwanga wa maji hucheza darini, hata siku moja mama yenu aliutazama mpaka uji ukaungua. Nje akachimba handaki, akalitandika mawe yenye ncha ambayo ndovu hawayakanyagi, na njia yao akawaachia. Wanapita, wanatutazama, wanakwenda zao.

Nimeyaona mabwawa ya mahoteli kila bandari, wanangu, na hakuna lililonifunga mdomo. Hili lilinifunga, nami kwa kijicho nikaufungua kwa uongo. Chanda chema huvikwa pete. Mimi nikaivua pete kidoleni mwa mwanangu nikaivaa. Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimerejea, Khairat. Nisamehe.

Mirathi atagawanya kadhi, sina la kuongeza. Ila wewe Ridha, nasikia umeshaagiza lori la udongo ulifukie bwawa, ati limemwaibisha baba yako. Lirudishe lori. Aibu ni yangu, maji hayana kosa. Kila mwaka kabla ya masika lisugueni birika kwa mikono yenu wenyewe, msimtume mtu. Na kila atakayezaliwa nyumba hii afundishwe kuogelea, asije akawa kama... mnanijua.

Niinueni kidogo. Mto... hapo, ahsanteni.

Jiwe la kona, pale birika linapokutana na bwawa, mchongeni jina la Khairat. Herufi kubwa, msome mkiwa chumba cha vioo. Na chini yake... kama nafasi itabaki... herufi ndogo tu: "Ayub alilipima kina."

Mola awape mvua ya wakati wake, awape... awape kupendana. Pumzi imekuwa fupi. Khairat, mwanangu, umenisikia? Nitazame basi.

— Nimekutazama, Baba. Nafasi haitabaki. Haya, kunywa maji.