Kikombe cha Tatu cha Mdoe

Asubuhi ile, kwenye benchi la kahawa pale Sindeni, hata mpira haukuzungumzwa. Mdoe alikuwa ameweka katikati ya benchi kikombe alichokifinyanga mwenyewe kwa udongo wa bondeni kwake, ule wa kijivu ulioua mahindi yake miaka nenda rudi. Kesho mtaalamu wa kiwanda cha vyombo angepita kuchagua bonde la kuchimba udongo, na Mdoe alitaka kumwonyesha kikombe kizima. Hiki kilikuwa cha tatu, nacho kilikuwa na ufa toka mdomoni hadi kitakoni.

— Lakini udongo ndio huu jamani! alisema Mdoe. Laini kama samli. Ukiukunja unakunjika, ukiuacha unakaa. Ukiuchoma, ukijivu wote unakimbia, unabaki mweupe!

— Ndio unaoshika vigae na masinki ya choo yasimeguke, alisema Kaleb, aliyeitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kufagia kwenye mitambo ya umeme ya Hale. Tatizo ni umeme. Mitambo ikizunguka kule, ardhi inatetemeka, kikombe kinapata presha.

— Hale na huku wapi na wapi? aliuliza Leboo, mfugaji. Huo udongo una kinyongo. Ng'ombe wangu wanaulamba kwa adabu, wewe umeuchota bila hodi.

— Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, Kaleb akadakia. Basi achana na kikombe, tujenge ukuta!

Wakacheka. Mdoe hakucheka.

— Nimeutumia mtupu, hata punje ya mchanga sikutia. Chema chajiuza!

Bodaboda ikasimama, akashuka mama mmoja.

— Shikamooni. Naitwa Raheli, natoka Korogwe. Naulizia kwa Emiliana, yule mfinyanzi.

— Marahaba. Ni mke wangu, alisema Mdoe.

— Jamani, hongera baba! Chungu chake ninacho mwaka wa tisa, kila siku jikoni kwenye kuni, hakina ufa. Raheli akakitupia jicho kikombe cha Mdoe. Hivi, udongo wake huwa anauchanganya na nini?

Injinia akamtazama Leboo, Leboo akamtazama Mdoe. Miaka ishirini na miwili Mdoe amekula chakula cha vyungu vya mke wake, amemsikia akitwanga kitu nyuma ya jiko, na hakuwahi kumuuliza anatwanga nini. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Twende, mama, alisema, akaiacha kahawa yake. Na mimi naenda kumuuliza.