Nyota ya Mfereji

Kijiwe cha Mzee Selemani kiko Sakina, kando ya barabara ya Nairobi: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, birika jeusi la kahawa, sahani ya kashata, na nyuma yake kibanda kilichoandikwa SHAMSU SANAA NA KOMPYUTA. Mwaka huo wa tisini na tisa neno la mwisho lilikuwa bado na rangi mbichi, na lilikuwa limeshaanza kumtesa mwenyewe. Shamsudin alikuwa fundi wa brashi. Migongo ya mabasi, vibao vya bucha, milango ya hoteli, vyote vilipita mkononi mwake bila mtu kulalamika. Asubuhi hiyo alikuwa ameiburuta kompyuta mpaka mlangoni apate hewa, na wanywa kahawa wakapata sinema ya bure. Sinema yenyewe ilikuwa nyota ya ncha saba, nayo ilikataa kufunga.

Nyota ilikuwa ya kamati ya mfereji. Vijiji saba vya kule Nduruma vinagawana maji ya mfereji mmoja, na vilitaka kibao chenye nyota, kila kijiji na ncha yake, zote sawasawa. Mwezi uliopita Shamsudin aliichora kwa mkono. Mkutanoni mzee mmoja akatoa kamba mfukoni, ile ile wanayopimia midomo ya kugawia maji mferejini, akapima ncha moja moja. Moja ikazidi kwa upana wa ukucha. Basi! Ikasemwa fundi amehongwa, watu wakashikana mashati, na vijiji viwili vikafungiana maji siku nne. Shamsudin hakuwahi kuona aibu kama ile. Leo saa sita katibu wa kamati anakuja kuchukua mchoro mpya, na asipoukuta, kazi inakwenda kwa fundi mwingine pamoja na jina zuri la miaka kumi na tano.

— Pale juu pako wazi, alisema Nasri, mpakia mizigo wa mabasi. Anaitwa Namanga, kwa kuwa habari zake zote zimetoka mpakani.

— Napaona, Namanga. Nina macho.

— Si uzibe?

— Nikiziba hapo, mahali pengine panafunguka! Nachora ncha moja, nainakili, naizungusha. Mara saba. Duara ni digrii mia tatu na sitini. Haya, gawa kwa saba.

Solomoni akafumba macho kupiga hesabu. Miaka kumi na moja aliwabebea wapima ardhi fito zao, ndiyo maana wanamwita Digrii.

— Hamsini na moja, alisema.

— Na?

— Na chenji.

— Hiyo chenji ndiyo inayoniua! Nukta nne mbili nane tano saba moja, halafu inaanza upya, haina mwisho. Na hii mashine inapokea tarakimu moja tu baada ya nukta. Kwa hiyo upenyo wa mwisho unabaki mpana kuliko wenzake.

— Mpana kiasi gani?

— Kibao cha mita moja? Karibu milimita mbili.

Aristides, fundi umeme aitwaye Volti, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Milimita mbili! Mangi, nani ataziona?

— Wana kamba, Volti! Wana kamba!

Halafu, kwa bahati mbaya, kila mmoja akaanza kumsaidia.

— Tatizo ni umeme, alisema Volti. — Huku kwetu ni hafifu. Kompyuta ikishikwa na njaa inapunja. Inamega kidogo kila ncha, inakula.

— Inakula ncha?

— Wewe unadhani inaishi kwa nini?

— Si umeme, alisema Namanga. — Hiyo mashine imepita mpakani. Kiwandani ilitoka na digrii mia tatu na sitini kamili. Njiani watu wamechomoa mbili tatu. Shamsu, uliipokea ukazihesabu?

— Nihesabu digrii?

— Unaona! Hakuhesabu.

— Ero, nyinyi hamjui kitu, alisema Digrii. — Ni mlima. Dira ya bwana mpimaji ilikuwa ikifika Ngaramtoni inacheza kama kichaa. Meru inavuta. Halafu ardhi ya hapa imeinama. Duara ukilichora Sakina linateleza lenyewe kwenda Nduruma. Ipeleke mashine Dodoma, kule tambarare, uone kama haifungi.

— Niende Dodoma na saa sita inakaribia?

— Mimi nakuambia la kitaalamu.

— Au imesikia habari za mwaka elfu mbili, alisema Volti. — Wanasema kompyuta zote zitakufa usiku wa mwaka mpya. Sasa mtu anayejua atakufa baada ya miezi mitatu, wewe unamdai milimita?

Shamsudin alijishika kichwa. Macho yalimwasha, siku ya tatu hii anaitazama nyota ile ile. Alitamani awafukuze wote, lakini ubao ni wa Mzee Selemani na kahawa ni ya Mzee Selemani.

— Jamani mnanimaliza. Nyamazeni dakika moja tu. Moja!

Walinyamaza nusu yake.

— Hicho kidude cha pembepembe hapo ubavuni mwa skrini, kazi yake nini? aliuliza Volti.

— Sijui. Sijawahi kukibonyeza.

— Tangu uinunue?

— Mimi ni fundi, Volti. Nyota naichora mwenyewe, sichorewi.

— Kibonyeze.

Shamsudin akakibonyeza ili tu wamwache. Kikajitokeza kisanduku kinachouliza idadi ya ncha. Akaandika saba, akavuta kipanya kwa hasira, na nyota ikachomoza katikati ya skrini, nzima, imefunga kila mahali, haina hata pa kupitisha unywele.

Shamsudin alitaka kucheka na alitaka kujipiga kofi, na vyote viwili vikamshinda. Siku tatu!

— Niliwaambia ni umeme, alisema Volti. — Umerudi sasa hivi.

Karatasi ilipotoka kwenye printa Digrii aliinyakua, akapima ncha kwa rula, akarudia kwa uzi. Sawa, sawa, sawa, mara saba. Ndipo Penina, katibu wa kamati, akashuka kwenye gari la maziwa upande wa pili, akavuka barabara mbiombio.

— Shikamoo, Mzee Selemani. Jamani, habari za hapa? Shamsu, tayari?

— Tayari, mama. Pima mwenyewe.

Alipima kwa vidole, bila haraka, akatabasamu.

— Zimelingana. Hata mzee wa kamba hana la kusema.

Shamsudin alishusha pumzi aliyoibana tangu mwezi uliopita.

— Ila hii ya juu kabisa, alisema Penina, ni kijiji gani?

Namanga akaigeuza karatasi kichwa chini miguu juu.

— Hivi je? Juu ziko mbili.

— Na hii iliyobaki chini peke yake? aliuliza Penina.

— Kibao kilazwe, alisema Digrii.

— Ng'ombe wakikanyage?

Volti akaruka kutoka kwenye ubao.

— Msumari mmoja katikati! Kinazungushwa kila wiki, kila kijiji kinapanda juu kwa zamu. Kama maji yenyewe!

Walipiga makofi. Hata Mzee Selemani, ambaye hasifu mtu, alisema hapo sasa ndipo. Shamsudin aliona kazi imeokoka, jina limeokoka, na akampenda Volti kwa mara ya kwanza siku hiyo.

— Vizuri, alisema Penina. — Kesho mkutanoni nitasimama mimi mbele yao. Wa kwanza kukaa juu ni nani?

Volti akakaa chini polepole. Shamsudin aliizungusha karatasi ncha moja baada ya nyingine, na safari hii hakuna aliyeisingizia kompyuta.