Mama Lenzi na Kidoa cha Ngazini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, asogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Lenzi, tuliyemzika Jumamosi. Mama Lenzi alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari mpaka alipostaafu. Lakini wengi wenu mlimjua kwa ile lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni. Ndiyo, yule mama aliyekuwa akiinamia kuta za watu.

Alikuwa anatafuta nini? Visukuku. Yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Chukua jiwe la chokaa la ukutani, lilowanishe kidogo, lisogelee na lenzi. Huenda ukaona konokono mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Huenda! Neno hilo alilipenda mno. Binti yake anasema, "Ukimwambia Mama hiki ni kisukuku, anakuuliza, umejuaje? Ukibabaika tu, umekwisha."

Benki walimtoa nje, tena si mara moja. Mtu analamba kidole, anapaka ukuta wa benki, kisha anauchungulia. Mlinzi angefanyaje, jamani?

Sasa, posta ya zamani. Ngazi ya kwanza ya mlangoni ilikuwa na kidoa cheupe kilichojikunja, kidogo kama kichwa cha pini. Mama Lenzi alikitazama kwa miaka. Kama ni kisukuku, ndani kingekuwa na vyumba vidogo vilivyotengwa kwa kuta. Kama ni doa tu la jiwe, hakuna kitu. Kujua, lazima usugue. Na ukisugua sana, unakimaliza. Hapo ndipo alipokwama.

Posta ilipong'oa zile ngazi ili iweke vigae, msimamizi wa mafundi akampa kipande chenye kidoa. "Chukua Mama, utuache tufanye kazi." Akakiweka kabatini. Akaogopa kukigusa. Kisha macho yakaanza kufifia, na daktari akamwambia hayatarudi kama zamani. Akaona asipofanya sasa, hatafanya tena.

Mumewe ni fundi seremala, sote tunamwita Mzee Msasa. Akamkatia kipande cha msasa laini kabisa, ule wa kusugulia kwa maji. Mama Lenzi akakaa kwenye meza ya jikoni, karibu na dirisha. Anasugua kidogo, anasuuza, anatazama. Anasugua kidogo, anasuuza, anatazama. Asubuhi moja akapiga kelele: "Mzee! Vyumba! Njoo uone!"

Mzee Msasa anasimulia: "Nikaja mbio, randa bado mkononi. Nikatazama mpaka jicho likatoa machozi. Nikamwambia, mama watoto, mimi sioni kitu. Naona weupe tu. Akasema, subiri, nikutengenezee uone vizuri. Akasugua mara moja tu zaidi."

Kikaisha, wasikilizaji wapendwa. Mara moja tu zaidi, kikaisha. Likabaki jiwe tupu.

Mzee alilia. Mama Lenzi akafuta meza, kisha akasema, "Pole, baba. Mimi nimekiona. Wewe ndiye umekikosa." Lakini watu wa makumbusho walipomuuliza kama kile kidoa kilikuwa kisukuku, alijibu vilevile: "Huenda." Yeye aliyekiona! Alisema shahidi ni mmoja, tena mwenye macho mabovu. Iliniuma kusikia hivyo. Alitaka mtu mmoja tu wa pili akione, na hakumpata.

Juzi pale msibani nilimuuliza Mzee Msasa, si ungesema tu umekiona? Hangesugua tena. Kingekuwepo hadi leo. Akanitazama, nikajuta kuuliza.

"Kwa yule?" akasema. "Tangu tuoane sijawahi kumwambia nimeona kitu ambacho sijakiona. Unadhani kwa nini aliniita mimi?"

Mzee Msasa, pole sana. Binti, wajukuu, ndugu na majirani, poleni. Mama Lenzi apumzike kwa amani. Nasi tutafakari jibu la Mzee, hasa sisi ambao tukiitwa kuona kitu tunajibu "kizuri sana" kabla hata hatujageuza shingo.