Kilo Tatu za Mama

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa akimsifia mama yake kwa muuguzi waliyekutana naye humo humo. "Ameongezeka kilo tatu mwezi huu, dada. Mizani haidanganyi." Mama alikaa dirishani kama anayepongezwa kwa kazi ya mwingine.

"Anakula vizuri?"

"Kidogo, lakini kinamkaa."

"Shikamoo, mama. Naomba mguu," muuguzi akasema. Akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo, akahesabu polepole, akaachia. Kikabaki kishimo. Sisi tuliojifanya hatusikilizi tukainuka kukitazama.

"Haya ni maji, si mwili. Mizani inapima vyote. Mkono umekonda, na mshono huu ni mpya. Gauni hili ulimpunguzia lini?"

Fundi akagusa mshono wa ubavuni. "Mwezi uliopita. Na juzi tena." Kisha akajikaza. "Lakini ni uzee tu."

"Uzee haumalizi nyama ya mkono kwa mwezi mmoja. Mpeleke leo wampime damu na mkojo, na uwaambie habari za hilo gauni."

"Leo nina sare za shule ishirini, dada, wenyewe wananisubiri!"

"Mwanangu," mama akasema, "viatu vimenikataa tangu Jumatatu. Nilinyamaza kwa vile ulizifurahia sana zile kilo."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Muuguzi akashuka, akamnyooshea mama mkono. Fundi aliendelea kubisha mpaka mlangoni, huku mkoba wa mama ukiwa tayari begani mwake.