Daftari la Safari ya Msimu wa Mvua

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la treni, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Huko mama mmoja mtu mzima alikuwa akimhoji kama askari mwanamke mwenye daftari.

“Yaani unapeleka watoto ufukweni wakati wa mvua? Hotelini si hakuna mtu!”

“Ndiyo maana, mama. Wanangu wawili wana usonji, kelele zinawatesa.”

“Usonji! Siku hizi utukutu nao umepewa jina la hospitali. Wangu niliwanyoosha kwa fimbo, wako salama, ila simu tu ndiyo hawanipigii.”

Labda ndiyo maana hawampigii, fundi aliwaza, maana mama huyu alikuwa na maneno ya mwaka mzima.

“Na unaandika nini?”

“Safari yenyewe. Leo naifanya peke yangu kwanza, niwaandikie kila watakachokutana nacho, wasishtuke.”

“Makubwa! Kila kitu?”

“Kila kitu.”

Treni ilisimama, mama bado anahubiri. Fundi aliponyanyuka kushuka, alichungulia daftari: “Kituo cha tano. Huenda akapanda mama anayejua kulea. Msiogope. Ana kelele, ila haumi.”