Kiti Chenye Mbele Mbili

Benchi letu liko mbele ya karakana ya fundi makochi, na kila asubuhi tunanywa kahawa hapo. Siku ile hatukukaa. Tulisimama tukikizunguka kiti alichokitoa Fundi nje. Kiti kimoja, lakini cha watu wawili, mgongo umejipinda kama nyoka anayekata njia: upande mmoja unatazama barabara, wa pili unatazama ukuta. Mwenyewe alikuwa anakuja kukichukua saa nne, na Fundi jasho lilikuwa linamtoka.

— Nilikifungua chote nibadilishe kitambaa, alisema. Sasa sikumbuki, kilikuwa hivi au nimekiunga kinyume?

— Hukupiga picha? aliuliza Mstaafu, aliyewahi kuwa karani.

— Simu ilizima.

— Hicho ni kiti cha enzi, alidakia Redio, kinyozi wa mlango wa pili. Mfalme anakaa huku, mlinzi kule, anamwangalizia mgongo.

— Mlinzi akae kiti kimoja na mfalme?

— Walikuwa pacha.

— Acha zako! Hiki cha ofisini, alisema Mstaafu. Huku bosi, kule mwenye shida. Mwenye shida analia, bosi haoni chozi.

— Basi cha mahakamani. Cha wanaoachana.

— Nani anakaa upande upi?

— Wanapokezana.

Fundi alishika kichwa.

— Jamani, mimi nimeuliza mbele ni wapi!

— Mbele ni unakotazama, alisema Redio. Mkikaa wawili, zinakuwa mbili.

— Kwa hiyo nimekosea au sijakosea?

Hapo hata mimi nilipotea. Tulikuwa bado tunabishana mwenye kiti alipofika, mama mtu mzima, anatembea akipapasa ukuta. Tukamwamkia, akaitikia. Alikigusa kitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakaa upande wa ukutani bila kuuliza. Fundi akashusha pumzi.

— Mwanangu, hebu kaa huo upande mwingine.

Fundi akakaa kwa adabu. Nyuso zao zikakaribiana, mabega yakatazama kwingine. Mama aliinamisha kichwa kama anayesikiliza.

— Inuka. Kaa tena.

Akainuka, akakaa.

— Hakilii, alisema mama.

— Hakilii?

— Baba watoto akikaa hapo ulipo, kilikuwa kinalia. Macho yangu yalipoanza kuniacha, ndivyo nilivyokuwa najua ameshakaa. Hata alipofariki, mjukuu akikaa kilikuwa kinalia vilevile.

Fundi aliinama, akagusa maungio.

— Maungio yalikuwa yamelegea, mama. Nikayakaza. Niliogopa kisije kikakuangusha.

— Umefanya kazi yako, baba. Sikulaumu.

Alipitisha kiganja taratibu kwenye ule mgongo uliopinda, mpaka upande wa pili.

— Na ukiyalegeza, kitalia sauti ileile?

Fundi alimtazama Redio. Redio akamtazama Mstaafu. Mstaafu akanitazama mimi.