Mama Nondo na Magogo Aliyoyafia

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitindamimba wa nyumba hii, nimeombwa niwasomee maisha ya dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Nondo.

Alizaliwa Machi 1968, nyuma ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba, na kwa kuwa baba alikuwa mwepesi wa kupiga, fimbo ikivunjika mkanda unavuliwa, dada alijifunza kujificha kwenye magogo yaliyooza, na humo ndimo alimowaona viwavi wakitafuna kuvu ngumu kama soli ya kiatu.

Alimaliza sekondari bila jino la mbele, alilong'olewa kwa ngumi siku alipokataa kuozwa, akaenda chuo kikuu, na mwaka 1994 akaajiriwa na kituo cha utafiti wa misitu, ambako alimfuatilia nondo mmoja wa kijivu, ambaye viwavi wake hawagusi jani, wanakula kuvu ya miti iliyoanguka, na hawana riziki nyingine.

Mwaka 1997 aliolewa na fundi redio, shemeji yetu huyu mcheshi, aliyezoea kulalamika kwamba ana waume wenza wenye mabawa, wakajaliwa binti na mapacha wa kiume.

Wachoma mkaa nao waliyataka magogo yale. Mwaka juzi walimvunja mkono, akarudi msituni na plasta, wakalichoma moto banda lake la viwavi, akajenga jingine. Tarehe tisa mwezi huu, asubuhi, walimkuta amelikalia gogo, na aliyemwambia, "Toka, nisije nikasahau wewe ni damu yangu," ni kaka yetu mkubwa. Hakutoka. Shoka lilimpata begani, kisha kichwani.

Kaka yuko mahabusu. Juzi vijana wa ukoo wetu walimvunjia mkewe, wifi yetu, madirisha, wakamburuta hadi barabarani, wanawe wakiona. Basi sikieni: hospitalini, kabla ya kukata roho tarehe kumi na mbili, dada alinishika mkono akasema, "Wifi na wanawe wasiguswe. Hawakushika shoka wao."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kituoni waliombeba mgongoni kumtoa msituni, na majirani waliosimama mlangoni kwa wifi mawe yakivurumishwa. Wifi yupo hapa, amekaa mstari wa mbele, kando ya shemeji. Mwenye jiwe mfukoni aliweke chini kabla hatujanyanyua jeneza.

Dada, umepigwa vya kutosha. Lala sasa, Mungu akulaze pema.